Wasichana wakianza kuanguka bwenini, ondoa watazamaji kwanza

Wiki hii nimepata meseji ya mwalimu mmoja wa kike, kapewa ulezi wa wanafunzi shule ya bweni bila hata semina ya unasihi (kumsikiliza na kumshauri mwenye shida), anasema kila ikifika jioni wasichana wanaanguka mapepo, bweni zima kelele, wazazi wanataka kuja kuchukua watoto wao na mkuu wa shule anamwangalia yeye tu. Pole sana dada yangu. Hali hiyo naijua, shuleni kwetu ninakofanya unasihi ilitokea na ikaisha, kwa hiyo nakujibu hapahapa ili na wengine mnaolea watoto wa bweni msome, maana mtihani wa Taifa ukikaribia ndo mambo haya yanapozidi.

Kwetu alianza binti mmoja wa kidato cha tatu wakati wa prepu, yaani muda wa kujisomea jioni. Akapiga ukelele, akaanguka, wenzake wakamzunguka, mara naye wa pembeni yake chini, mara mwingine. Nafika bwenini nakuta mwalimu wa nidhamu kashika fimbo anasema wanaigiza, matroni anakemea kwa sauti mpaka koo limekauka, na madirishani wasichana wamejazana wanachungulia huku wanalia. Nikaomba watu wote watoke, na walioanguka tukawapeleka kila mmoja sehemu yake, huyu ofisini, huyu maktaba, huyu chumba cha matroni. Hapo ndo nilipoanza kuchukiwa, nikaambiwa nimesoma saikolojia kwa hiyo nadharau imani za watu. Mimi nasali, na anayetaka kumwombea mtoto amwombee, ila iwe faraghani, sio mbele ya wasichana mia waliojaa hofu.

Yule binti vidole vilikuwa vimejikunja na kukakamaa, midomo ina ganzi, na kila mtu pale anaonyesha vile vidole kwamba huo ndo ushahidi wa pepo. Jamani walimu, mtu akihema harakaharaka kwa muda anatoa kaboni daioksaidi nyingi kuliko kawaida, damu inabadilika, vidole vinakaza vyenyewe na midomo inakufa ganzi, hata wewe ukihema hivyo vitakaza. Nikakaa naye sakafuni, nikamwambia tupumue wote, vuta polepole kwa pua, toa polepole zaidi kwa mdomo, nikawa nahesabu kwa sauti ya chini huku nimemshika mkono, mpaka kidole gumba kikalegea, kikafuata cha shahada. Hakumwagiwa maji wala hakunusishwa kitunguu.

Na hayo sio maigizo! Hapa ndo wengi wanapokosea, wakiona hospitali hazikuona ugonjwa wanaruka moja kwa moja kwenye fimbo. Historia tunayo hapahapa nyumbani. Januari 1962, Tanganyika ina uhuru wa wiki chache tu, wasichana watatu wa shule ya bweni Kashasha kule Bukoba walianza kucheka wakashindwa kujizuia, ikaenea mpaka wanafunzi 95 kati ya 159, wengine hali ikawakaa siku 16, shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari walipima wakakosa sumu na wakakosa vimelea vya ugonjwa. Na wasichana waliporudishwa makwao, kijijini Nshamba nako kukaanza. Kwa hiyo kufunga shule haraka na kutawanya watoto wenye hofu sio dawa, unaweza kuwa unaipeleka kwa wadogo zao.

Haya, kilichomaliza kwetu ni nini? Ni kumsikiliza yule wa kwanza. Kesho yake nilimwita peke yake, sikumuuliza habari za pepo, nilimuuliza likizo ilikuwaje. Akanyamaza sana. Halafu akasema, "Madam, mama alizikwa Ijumaa, Jumapili nikaletwa shule." Mama yake kafariki na shule nzima hatujui, baba kaogopa atakosa masomo kwa hiyo kamleta na sanduku lake kimyakimya! (Kanipa ruhusa niandike, na mambo ya kumtambulisha nimeyaondoa.) Tukaongea kila wiki, tukampigia baba akaja, binti akaenda nyumbani akakaa msibani kama mtoto wa mtu anavyotakiwa kukaa, akarudi. Wenzake nao wakatulia. Mwaka huu kachaguliwa kidato cha tano na nimefurahi kama nimefaulu mimi.

Kikao cha wazazi kilipofika walishukuriwa viongozi wa dini, ikashukuriwa kamati ya nidhamu, unasihi haukutajwa hata kwa bahati mbaya. Iliniuma, na nikisema imeisha nitakuwa naongopa. Sasa wewe dada usisubiri kushukuriwa, ukisubiri utaacha kazi, na hawa watoto wakikukosa wewe hawana mtu mwingine wa kuwauliza likizo ilikuwaje.

Cha kufanya ni hichohicho nilichosema: ondoa watazamaji, tenganisha, tuliza pumzi, kisha sikiliza. Hospitali wapelekwe wapimwe malaria, damu, sukari, na aliyejing'ata ulimi au kujikojolea mwambie daktari waziwazi maana inaweza kuwa kifafa. Masomo yaendelee kama kawaida. Fimbo hapana, kanuni zenyewe zinasema anayechapa ni mkuu wa shule au aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi viboko vinne na viandikwe kitabuni, hakuna palipoandikwa kumchapa mtoto aliyeanguka. Anachokwambia mtoto kisifike ofisi ya walimu. Ila akisema anataka kujiua au kuna mtu anamfanyia ukatili, hiyo usikae nayo, mwambie mtoto kwamba itabidi umwambie mtu wa kusaidia, kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na 116, namba ya simu ya kusaidia watoto, ni bure kupiga.

Umeniandikia kwamba walioanguka mnawalaza wote chumba kimoja ili iwe rahisi kuwaangalia. Anza na hilo, leo hii kabla ya prepu, halafu niambie yule wa kwanza kabisa alikuwa nani na nyumbani kwao kuna nini.