Usiisugue hiyo dinari ya Severus

Mkuu, weka mswaki chini. Unataka kuing'arisha dinari yako iliyoingia weusi, sarafu ya fedha ya Kaizari wa Roma Septimius Severus, kwa dawa ya meno, ikigoma uichemshe na foili na magadi soda, ndipo upige picha utuulize ni ya mwaka gani, mwanamke aliyechorwa nyuma ni nani na inauzwa bei gani. Ukishasugua hutabaki na cha kuuliza.

Hiyo si dinari ya Augustus, Kaizari wa kwanza, iliyokuwa karibu fedha tupu. Severus alikuwa na majeshi ya kulipa, na kufikia 195 BK fedha ilishushwa hadi karibu nusu, iliyobaki shaba. Mafundi waliitoa shaba ya juu kabla ya kupiga chapa, ikabaki ngozi nyembamba ya fedha. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, na ngozi hiyo ndiyo inayoondoka, ikianzia palipoinuka: pua, shavu, ndevu. Utabaki na Kaizari mwenye pua nyekundu, na klabu hajaenda.

Ndimu ni balaa zaidi: asidi inakula shaba iliyochanganywa humo na kuacha vishimo. Foili na magadi hurudisha weusi kuwa fedha, lakini fedha chapwa isiyong'aa, na kila kishimo kilichofichwa na weusi kinajitokeza.

Na mwaka unaoutafuta umo kwenye maandishi yanayozunguka kichwa, nayo yanasugulika vilevile. L SEPT SEV PERT AVG IMP VIII, yaani jina lake na tarakimu ya nane ya Kirumi kwa mara alizoshangiliwa kama mshindi, ni 196–197. Futa vijiti vya mwisho vya hiyo VIII uone kama utaujua tena. Ikisomeka SEVERVS PIVS AVG, ni ya kuanzia 201 hivi.

Hawa wa video za "kabla na baada" wananiudhi sana. Wanakuonyesha mng'ao, hawakuonyeshi mnunuzi akiishika chini ya lenzi, akiona mikwaruzo na kuirudisha mezani. Na wauzaji wa "ikiwaka inauzika" ndio walimu wao. Sonara naye usimpelekee. Yeye anajua pete.

Tope likiwepo, loweka kwenye glasi ya maji yaliyokenekwa, yale tunayoyaita maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana asidi nayo huuzwa kwa jina hilohilo! Badilisha maji kila siku, chokoa tope kwa kijiti cha meno cha mti kilicholowa, ukifika kwenye weusi acha. Mafuta ya vidole yanatoka kwa asetoni safi, dirisha wazi, mbali na jiko. Kausha kwa kugandamiza kitambaa laini. Wala usiigonge mezani kusikiliza mlio; fedha ya kale hudhoofika ndani ikavunjika kama kaukau.

Mwanamke? Ni mungu wa kike wa Kirumi: akishika mizani ni Aequitas, wa haki, au Moneta, wa sarafu; mwenye mabawa na shada ni Victoria, wa ushindi.

Picha piga ikiwa nyeusi hivyohivyo, pande zote mbili, mwanga utoke ubavuni, na utuwekee uzito kwa mizani inayosoma gramu 0.01.