Paka wa Mpelelezi Asijue Zaidi ya Paka

Katika riwaya yako ya upelelezi, mshukiwa anadai kikombe hakikuangushwa na mtu: paka alirukia meza kuramba halua. Mpelelezi anatabasamu, maana anajua ulimi wa paka hauonji utamu wa sukari. Uongo umeshikwa. Lakini halua hupikwa kwa samli, na paka akishanusa mafuta atapanda meza hata ya hakimu. Msomaji anayefuga paka atalibaini hilo, na kuanzia hapo hatakuamini tena. Badilisha halua iwe glasi ya juisi ya ukwaju, ushahidi unasimama.

Riwaya ya upelelezi yenye mnyama husimama au huanguka kwa mambo madogo ya namna hii. Lilian Jackson Braun, Mmarekani aliyeanza mfululizo wa vitabu vyake mwaka 1966, alimpa mwanahabari wake paka wa Siamu ambaye kazi yake ni upaka tu: anaangusha kitabu rafuni, ananusa, analia mlangoni. Maana ya vitendo hivyo anaitafuta binadamu, na msomaji akitaka anaweza kusema ilikuwa bahati. Shaka hiyo ilinde mpaka ukurasa wa mwisho.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, kishawishi cha kwanza ni kumpa mnyama kiti cha Najum, rafiki wa mpelelezi Bwana Msa katika riwaya za Muhammed Said Abdulla. Usifanye hivyo. Najum anamuuliza Bwana Msa, na kwa majibu yale msomaji anaelewa kesi imefika wapi. Paka haulizi. Ukimwondoa binadamu wa kuuliza, mpelelezi wako ataishia kumhutubia paka kurasa nne nzima, na hakuna anayezisoma. Bakiza mtu: mjukuu mdadisi, mpangaji wa chumba cha uani, muuza kahawa.

Na kama mnyama wako anasema, aseme tangu ukurasa wa kwanza. Hadithi za Sungura na Fisi zimetuzoesha, hatutashangaa. Ila lijibu mapema swali lisiloepukika: kwa nini asimtaje muuaji, tukalala? Jibu linalofanya kazi ni kwamba wanyama wanaelewana wao kwa wao, binadamu anasikia nyau tu.

Mbwa ndiye anayeharibiwa zaidi. Waandishi humpa pua isiyoshindwa, kumbe harufu ina masharti. Hukaa vizuri kwenye ubaridi na unyevu, kama alfajiri au kwenye majani yenye umande. Jua kali na upepo huitawanya, na lami ya saa saba mchana haishiki kitu. Mbwa aliyeshikwa na joto huhema kwa mdomo, na anayehema hanusi sawasawa. Mshukiwa akipanda bodaboda, mfuatano unakatika pale alipopandia. Kubwa kuliko yote ni msiba wenyewe: mtu akifa, ndani ya saa mbili ua umejaa majirani, mikeka imetandikwa, na kama marehemu ni Mwislamu huenda akazikwa siku hiyo hiyo. Mbwa akiletwa jioni, anakuta nyayo za mtaa mzima. Kwa hiyo mlete kabla ya mikeka, au mtumie mahali ambako waombolezaji hawakufika: chooni cha nje, kichochoroni, kwenye mtumbwi.

Kuna kidokezo kingine cha mbwa ambacho pwani inakupa bure. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea huku, nguo iliyoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mshukiwa anaonekana kabla ya adhana ya alfajiri akisugua kanzu kwa udongo. Kila mtu anadhani anafuta damu. Mpelelezi anahesabu maji: mara saba. Si damu, ni mbwa wa mlinzi. Mtuhumiwa anapumua, halafu swali la pili linamkuta: huyo mbwa hufungwa kwenye geti la marehemu usiku kucha, wewe uliyesema ulikuwa umelala ulimgusa saa ngapi? Tendo moja, tafsiri mbili, na ya pili ndiyo inayouma. Mbwa asiyebweka kwa kuwa anamjua mgeni mwachie Conan Doyle, mwandishi wa Sherlock Holmes. Alishamtumia mwaka 1892 na wasomaji wanamnusa kutoka mbali.

Kasuku asirudie jina la muuaji alilolisikia mara moja usiku wa tukio. Huiga zaidi anachosikia kila siku. Basi aige mlio wa simu, kikohozi, bawaba ya mlango. Mtu anayeapa hajawahi kuingia nyumba ile, na kasuku anaimba mlio wa simu yake: hiyo inatosha.

Ukitaka mnyama wa hapa hapa, yupo panya buku, anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Akipata harufu, anakwaruza. Ni mnyama wa usiku, kwa hiyo kazi ya nje hufanyika asubuhi na mapema. Hutafuta harufu aliyofunzwa tu: wa baruti hatakuonyesha sumu kwenye chai. Punda mtumie kwa njia, kwani hukumbuka mahali alipozoea kusimama hata mwenye mzigo akikana.

Tengeneza daftari. Kwa kila sura andika mnyama yuko wapi, amekula saa ngapi, nani amemlisha, nani anamwogopa. Mpelelezi akipanda basi kwenda Tanga siku tatu, paka anabaki na nani? Bila daftari mnyama hupotea sura tano, kisha anaibuka kwenye eneo la tukio kana kwamba aliitwa kwa simu.

Vidokezo vya mnyama visizidi vitatu kwa riwaya ya maneno 60,000. Cha kwanza kije mapema na kisomwe vibaya. Cha pili kiwe kweli lakini kimhusu mtu asiye na hatia. Cha tatu kimfikishe binadamu kwenye kitu ambacho polisi wanaweza kukitia kwenye bahasha: risiti, kifungo, ufunguo, laini ya simu. Wakili wa utetezi hatamhoji paka. Kitu hicho kikikosekana, tatizo halipo kwenye sura ya mwisho. Rudi kwenye sura ya nne au ya tano ukakifiche pale ambapo mnyama alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kupita, njaa au joto au panya chini ya kabati.