Namba kwenye kisu cha kukunja: lini inapandisha bei, lini ni pambo

Mkuu, umesema umeonyeshwa visu viwili vya kukunja vinavyofanana kwa kila kitu. Kimoja kimeandikwa 412/3000 kwenye bapa, yaani cha 412 kati ya toleo la visu 3000, kingine hakina namba, na muuzaji wa kile cha kwanza anataka hela nyingi zaidi kwa sababu eti "ni cha wakusanyaji". Nimenunua na kuuza visu vya namna hii kwa miaka mingi, na kwa maelezo hayo mimi nisingemwongezea kitu cha maana.

Watu wengi wanakodolea macho ile 412. Tazama 3000. Kiwanda kikitoa visu elfu tatu vyenye namba, cheti na boksi la mbao, wanaovinunua karibu wote wana nia moja: kuviweka. Hakuna anayekwenda kuchunia ngozi ya mnyama kwa kisu chenye cheti. Kwa hiyo miaka thelathini baadaye vingi bado vipo, vipya kabisa, na wenyewe wanavitoa sokoni kwa wakati mmoja wakitafuta mnunuzi. Ndiyo maana matoleo mengi ya ukumbusho yaliyotengenezwa Marekani miaka ya 1970 na 1980 yamewavunja moyo walioyanunua kama akiba.

Kisu cha kawaida cha wakati huohuo, ambacho hakuna aliyekiwekea namba, kilinunuliwa kikatumika. Kikanolewa mpaka bapa likabaki jembamba, kikavunjwa ncha, kikapotea porini. Kile kimoja kilichosahaulika kwenye droo bila kuguswa na jiwe la kunolea ndicho wakusanyaji wanachopigania. Uhaba wa kweli hauandikwi na kiwanda, unatokea wenyewe.

Sasa, siyo kwamba namba haina kazi kabisa. Namba 1 huwa na wateja wake, na zile za mwanzoni mwanzoni nazo kidogo. Toleo likiwa dogo kweli, tuseme visu hamsini kutoka kwa fundi mmoja anayetengeneza kwa mikono, namba inakuwa ushahidi kwamba kisu ni miongoni mwa hivyo hamsini. Seti pia: kama visu vilitolewa vinne vyenye namba ileile, vinne hivyo vikiwa pamoja vina bei nzuri kuliko ukivitafuta kimojakimoja na kuchanganya namba. Na namba ya kwenye kisu lazima ilingane na ya kwenye cheti na boksi. Zikitofautiana, hesabu kwamba huna cheti. Lakini kati ya 412 na 1987 ya toleo hilohilo? Hakuna tofauti, labda umpate mtu ambaye 1987 ndio mwaka wake wa kuzaliwa.

Kuna namba nyingine ambazo wauzaji huzichanganya na hizi, ama kwa kutojua ama kwa makusudi. Opinel, kisu cha kukunja cha Ufaransa, ina namba kubwa kwenye mpini: No. 8, No. 10 na kadhalika. Hiyo ni saizi tu. Tangu 1897 walikuwa na namba 1 hadi 12, baadaye 1 na 11 zikaondolewa. Kuna mtu aliwahi kunitangazia No. 6 kama "cha sita kutengenezwa". Nilicheka nikaendelea na safari.

Kwa Case, watengenezaji visu wa Bradford, Pennsylvania, Marekani, namba ya modeli inasomeka vipandevipande. Chukua 6254: 6 ni aina ya mpini, kwa kawaida mfupa uliochongwa, 2 ni idadi ya mabapa, 54 ni umbo, lile wanaloliita Trapper. Ikiwa 5254, basi mpini ni pembe ya paa, na hapo bei inabadilika kweli, kwa sababu ya pembe yenyewe.

Chapa ndogo kwenye shina la bapa, pale linapoingilia mpini, ndiyo ninayoiheshimu kuliko namba yoyote ya toleo. Case walianza 1970 kupiga nukta kumi chini ya jina, wakawa wanapunguza moja kila mwaka. Visu pacha vikitofautiana nukta, unajua kipi kikubwa kwa umri. Ila mwaka 1980 walirudia nukta kumi, safari hii herufi S ya jina ikiwa na umbo la radi, kwa hiyo usihesabu nukta bila kutazama S. Buck, kampuni nyingine ya visu ya Marekani, nao tangu 1986 hupiga alama ndogo ya mwaka karibu na namba ya modeli. Alama hizi hazikupigwa kwa ajili ya kumpendeza mkusanyaji, na ndiyo maana zinaaminika zaidi.

Chukua lenzi uiangalie hiyo 412 kwa karibu. Namba iliyogongwa kwa chapa ya chuma huzama, na kingo zake huwa kali. Kingo zikiwa zimelainika kama sabuni iliyotumika, kisu kimepigwa polishi, na polishi hula bei kuliko namba inavyoweza kuirudisha. Namba iliyochorwa juujuu kwa asidi au leza ni nyepesi. Angalia kama mistari ya kusaga ya kiwandani inapita chini yake bila kukatika. Ukikuta bapa lina ukungu wa kung'arishwa kuizunguka namba tu, jiulize kulikuwa na nini pale kabla.

Halafu kuna wale wenzetu wanaochora namba zao za daftari kwenye kisu chenyewe kwa kalamu ya umeme. Jamani, andikeni kwenye kikaratasi chenye uzi! Nimeviacha visu vizuri mno kwa sababu ya "A-27" iliyokwaruzwa kwenye shina.

Kwa hiyo kwa hivyo viwili vyako: fungua mabapa yote, sikiliza springi inavyofunga, tazama kama kuna mwanga kati ya springi na pembeni za mpini, kagua nyufa kuzunguka pini. Bapa linapaswa kuwa na upana wake wote. Kile kitakachoshinda hapo ndicho ununue, kiwe na namba au kisiwe nayo. Vikitoka sare, mlipe mwenye namba nyongeza ndogo ya boksi na cheti, basi. Na kama unaweza, weka hapa picha ya shina la bapa la kila kimoja, pande zote mbili, tuone chapa zinasemaje.