Mtoto wa chekechea asiyesikia maagizo

Dada, umeuliza kama mwanao wa miaka 4 ni mkaidi kwa kutofuata maagizo, huo sio ukaidi, unampa mengi kwa mpigo. Umesema unamwambia avue viatu, anawe mikono, alete begi halafu akae, hata mi mtu mzima ningesahau begi 😂 Mpe moja, akimaliza la pili, akizoea ndo unaunganisha mawili. Na usimpigie kelele toka jikoni huku tivii inawaka, mfuate, chuchumaa mtazamane, ita jina lake kwanza ndo useme, alafu mwambie arudie ulichosema. Badala ya "usikimbie" sema "tembea", anaelewa haraka.

Ila mi naamini zaidi michezo, ule wa nyama nyama nyama si unaujua, ukitaja mnyama anayeliwa kama ng'ombe wanaruka, ukitaja asiyeliwa kama paka anayeruka katoka, yani pale mtoto anasubiri neno la mwisho mwenyewe bila kulazimishwa, cheza nae jioni hata dakika 10 tu na umwachie nae zamu ya kutaja, ataipenda hiyo balaa.

Kama ukimwita kwa nyuma hageuki kabisa, au masikio yanatoa usaha kila mara, hapo mpeleke hospitali wampime masikio.