Dada, wanabagua kweli?

Mdogo wangu, ujumbe wako nimeusoma. Unasema mchumba wako anataka mfunge ndoa uje kuishi naye huku Ujerumani, na unaniuliza kama ubaguzi upo au watu wanatia chumvi. Upo. Ila sio ule unaouwaza wa kutukanwa barabarani. Miaka tisa hii nimetukanwa mara mbili, na siku zote mbili nililala vizuri tu.

Kinachochosha ni vile vidogo. Mwaka wangu wa pili nilikwenda kwa daktari na shemeji yako. Mapokezi nikatoa kadi yangu ya bima, nikaeleza kwa Kijerumani changu kinachoniuma. Yule mama akaitikia kwa kichwa, halafu akamgeukia mume wangu: "Ana mzio wa dawa yoyote?" Nikajibu mimi. Akaandika. Swali la pili, akamuuliza yeye tena. Nimesimama pale kama mtoto aliyeletwa chanjo.

Kuna na lile la "mlikutana wapi?" Wajerumani wenyewe wakiulizwa ni maongezi. Nikiulizwa mimi, jicho linaanzia kwenye pete, kisha linapanda kuhesabu mvi za mume. (Ananizidi miaka mitatu. Mvi ni za ukoo wao.)

Lakini kilichoniliza hakikuwa mapokezi. Tulipoingia kwenye gari nikamwambia, naye akajibu, "Unawaza sana, yule yuko hivyo kwa kila mtu." Dharau ya mtu usiyemjua unamwachia mwenyewe mlangoni kwake. Ukiambiwa na wako kwamba hukuona ulichokiona, unaingia nayo kitandani. Nikaanza kujikagua: labda sauti yangu, labda nguo. Nikaacha kutoka peke yangu. Nyinyi huko nikawa nawatumia picha za theluji.

Na kibali cha kuishi nacho kinakufunga mdomo. Mkiachana kabla hamjaishi pamoja huku miaka 3, kwa kawaida haki ya kubaki inapotea, isipokuwa kwa sababu nzito kama kupigwa. Mume wangu ni mtu mwema, lakini hesabu hiyo ilinijia hata tulipogombania vyombo. Namba 116 016 iweke kwenye simu ukishafika: ni ya wanawake wanaofanyiwa ukatili, bure, usiku na mchana.

Kilichonitoa ni darasa la lugha. A1, ile ngazi ya kwanza ya Kijerumani ya kuombea visa, haikufikishi mbali. Kozi ya hapa ina vipindi 600 vya lugha, na nilivihitaji vyote. Tulikuwa wanne tuliofuata waume. Siku moja nikasimulia ya mapokezi, mmoja akanimalizia kisa kabla sijafika mwisho. Tulicheka mpaka mwalimu akatukodolea macho. Usiku ule nililala.

Shemeji yako ilimchukua muda. Siku hizi akiulizwa swali langu, anatazama dari.

Kwa hiyo kabla hujamjibu mchumba wako, msimulie hiki kisa cha kwa daktari, halafu nyamaza. Akishasema lake, nipigie.