Ukoo wa kuumeni wa wafugaji wa kale: maswali yenu

Nimesoma kwamba wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa walikuwa wa ukoo wa M293. Hilo ni kabila gani? (Msomaji, Nakuru)

Si kabila, ndugu. Ni alama kwenye kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mtoto wa kiume peke yake. Zamani sana herufi moja ya vinasaba ilibadilika kwa mwanamume mmoja, na kila mzao wake wa kuumeni amebaki nayo. Ni kitawi cha ukoo mkubwa wa E1b1b, ulioenea Pembe ya Afrika na Afrika Kaskazini.

Watafiti walijuaje, na watu wenyewe walishakufa?

Kwa mifupa. Meno, na ule mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, huweza kutunza vinasaba kwa maelfu ya miaka. Mwaka 2019 mwanaakiolojia Mary Prendergast na wenzake walichapisha vinasaba vya watu 41 wa kale wa Kenya na Tanzania. Wengi walikuwa wafugaji wa nyanda za juu, watu waliozika wafu wao mapangoni na chini ya marundo ya mawe. Wanaume wao wengi walikuwa na M293. Lakini damu yao kwa ujumla ilichanganya asili ya kaskazini, ya upande wa Sudan, na ya wawindaji wenyeji waliowakuta hapa.

Mimi ni Msandawe. Naambiwa nasi tunayo M293, wakati asili yetu ni uwindaji. Imekuwaje? (Msomaji, Kondoa)

Swali zuri kuliko yote. Utafiti wa 2008 uliikuta M293 kwa Wasandawe, kwa Wadatoga wenye lugha ya Kiniloti, na hata kwa Wakhwe kusini mwa Afrika. Watafiti walieleza kwamba wafugaji kutoka Tanzania walishuka kusini yapata miaka 2,000 iliyopita, kwa safari isiyo ile ya Wabantu. Njiani watu walioana, wengine wakaacha lugha za baba zao. Ndiyo maana mimi huwa namshangaa anayetaka kutumia kipimo hiki kudai ardhi.

Nikikutwa nayo, basi mimi ni mzao wao?

Kuumeni, yaelekea. Ila ukirudi vizazi 10 una nafasi 1,024 za wahenga, na kromosomu Y inamsemea mmoja tu. Hata bibi mzaa baba hayumo.

Dada yangu anaweza kupimwa?

Hana kromosomu Y. Apimwe baba, kaka au baba mdogo.