Anatoka jela Marekani, Medicaid imezimwa: uanzie wapi

Mkuu, umeuliza mdogo wako anatoka jela ya kaunti wiki sita zijazo, Medicaid yake (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) "imezimwa", ana kisukari cha insulini na alikuwa anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini na dawa za aina yake, ufanye nini. Wiki sita zinatosha, ila usingoje atoke ndiyo uanze kupiga simu.

Kwanza ujue hiyo "imezimwa" ni ipi. Tangu Medicaid ianzishwe mwaka 1965, haimlipii mtu aliye ndani, isipokuwa akilazwa hospitali ya nje kwa saa 24 au zaidi. Lakini kuna kusimamishwa, ambapo akaunti ipo ila imelala, na kuna kufutwa, ambapo anaomba upya kama mgeni. Kuanzia Januari 1, 2026 majimbo hayaruhusiwi kumfuta mtu kwa sababu tu yuko ndani. Hata hivyo, kama barua za kuhuisha bima zilikuwa zinakwenda anwani ya zamani na hakuna aliyejibu, huenda amefutwa kwa sababu hiyo nyingine. Ofisi ya Medicaid ya kaunti ndiyo inayojua. Tatizo ni kwamba wewe hawatakuambia kitu: lazima asaini fomu ya kukufanya mwakilishi wake, na asaini angali ndani. Hii fomu watu huidharau, kisha wanakwama kwenye simu ya kwanza kabisa.

Kama amefutwa, maombi mapya yaingie sasa. Kuwa jela hakumzuii mtu kuomba, kunazuia malipo tu. Anwani andika ya kwako, maana kadi ikitumwa jela baada ya yeye kutoka, ihesabu imepotea. Na kama atahamia jimbo lingine, hilo ni ombi jipya kule. Medicaid haivuki mpaka wa jimbo. Kwenye majimbo yasiyopanua Medicaid iwafikie watu wazima wote wenye kipato kidogo, mfano Texas na Florida, mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu kwa kawaida hapati hata akiwa hana senti. Huko, kama ana kipato cha kutosha, kuna soko la bima la serikali, ambapo ana siku 60 tangu kutoka za kujiandikisha bila kungoja msimu wa kila mwaka. Paroli na probesheni, yaani kuwa nje chini ya uangalizi, havimnyimi Medicaid.

Hata hivyo, majimbo kadhaa yana ruhusa maalumu ya serikali kuu ya kuanza kulipia baadhi ya huduma hadi siku 90 kabla ya kutoka. California ilipewa ya kwanza, Januari 2023. Ruhusa hiyo ikifanya kazi, anapata angalau mratibu wa huduma, dawa za kutibu uraibu, na dawa zake za siku 30 mkononi siku ya kutoka. Usidhani jimbo likiwa nayo basi kila jela imeanza. Uliza kitengo cha afya cha jela hiyohiyo.

Sasa hizo "siku 30". Piga hesabu mwenyewe. Chupa ya kawaida ya insulini ya ml 10 ina yuniti 1,000. Anayechoma yuniti 40 kwa siku inamfikisha siku ya 25, na aina nyingi zikishafunguliwa hutupwa baada ya siku 28 hata kama imebaki. Akipewa chupa ambayo tayari ilikuwa inatumika ndani, ana wiki moja au mbili tu, si mwezi. Uliza tarehe iliyofunguliwa. Anayechoma mara nne kwa siku anahitaji sindano 120 kwa mwezi, pamoja na kipimo cha sukari na vijiti vyake. Vitu hivi ndivyo husahaulika, kwa sababu ndani nesi ndiye aliyekuwa navyo. Insulini bila sindano haina kazi.

Methadoni ina njia yake. Duka la dawa la kawaida haliruhusiwi kutoa methadoni ya kutibu uraibu. Ni kliniki maalumu tu. Kwa hiyo hakikisha kwanza kama bado anapewa huko ndani. Kama anapewa, anatakiwa kutoka na barua ya dozi ya mwisho: miligramu ngapi, tarehe gani, imesainiwa, na namba ya simu ya kuthibitisha. Bila hiyo kliniki itamwanzisha chini, na hapo ndipo wengi hurudi mtaani kutafuta. Kama walimkatia, asiguse kabisa kipimo chake cha zamani, mwili umeshasahau. Utafiti wa mwaka 2007 kuhusu waliotoka magereza ya jimbo la Washington ulikuta hatari ya kufa katika wiki mbili za kwanza ni karibu mara 13 ya watu wengine wa jimbo hilo, na dawa kuzidi kipimo ndiyo iliyoongoza. Naloksoni ya kupuliza puani, dawa ya kumwokoa aliyezidisha heroini au dawa za aina yake, inauzwa bila cheti cha daktari tangu 2023. Iwe nyumbani kabla hajafika, na anayeishi naye ajue iko wapi.

Halafu dirisha la duka la dawa. Mfamasia anaingiza namba, kompyuta inakataa. Mwombe akusomee ujumbe wenyewe, kwa sababu kuna aina mbili na watu hupoteza mchana mzima wakimpigia mtu asiyehusika. Ujumbe ukisema bima haiko hai au yuko kizuizini, taarifa ya kutoka haijafika kwenye mfumo: piga ofisi ya kaunti hapohapo, uwe na karatasi ya kuachiwa yenye tarehe, waondoe kizuizi. Ujumbe ukisema dawa inahitaji kibali, basi ni kazi ya daktari, na wakati kibali kinasubiriwa Medicaid inatakiwa kulipia dozi za dharura za saa 72. Hizo saa 72 hazisaidii kwenye tatizo la kwanza, usibishane na mfamasia bure.

La mwisho, siku. Jela nyingi huachia watu usiku, au mahakama humwachia Ijumaa jioni, na ofisi zimefungwa hadi Jumatatu. Uliza kliniki ya methadoni inatoa dozi Jumamosi na Jumapili saa ngapi. Nyingi hufungua alfajiri na kufunga dirisha kabla ya adhuhuri, kwa hiyo panga gari usiku uleule.